Juu ya Kuangalia Mali ya Watu Wengi

(Maneno yaliyosomwa na karani wa chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, na kupigwa chapa hapa kwa idhini ya Halmashauri.)



Halmashauri ilituagiza sisi wa afisi tuseme machache juu ya jambo la sita katika ajenda ya leo, yaani namna hesabu za chama zitakavyoangaliwa tangu mwaka huu na kuendelea. Jambo hili limezaa maneno mengi tangu lilipotajwa mara ya kwanza. Wako waliosema ni dalili ya kutoaminiana. Wako waliosema limechelewa sana. Nasi twaona haifai kuongeza maneno juu ya maneno; ni afadhali kutafuta waliokwisha kulichunguza kwa vipimo na kuwaletea habari zao, maana chama chetu si cha kwanza duniani kukusanya fedha za wengi na kuzikabidhi kwa wachache. Serikali zote hufanya hivyo, na sehemu kubwa ya elimu ya utawala wa umma yahusu swali hilo: aliyekabidhiwa ataangaliwaje, na nani, bila ya kazi yenyewe kusimama?

Sote twaijua methali isemayo kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Wazee walituachia maneno hayo, nasi makarani tumeyapenda kuliko watu wote, kwa kuwa yatupa kazi. Lakini iko mali iliyopotea daftari zikiwapo, zimepigwa mistari, zimejumlishwa sawasawa na kutiwa sahihi na wakubwa. Twaomba ruhusa tuanze na mali hiyo.

Ilikuwa kwa jirani zetu, Uganda. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Serikali ya huko iliongeza fedha za elimu ya msingi, na vitabu vya makao makuu vilionyesha kwamba fedha zimetoka. Hata hivyo takwimu za wizara zilionyesha kwamba idadi ya watoto darasani haiongezeki. Basi ikazuka shaka: fedha zaongezeka, watoto hawaongezeki, je, fedha hizo zafanya kazi gani? Mwaka 1996 ukafanywa uchunguzi ambao kwa kuutaja waonekana ni jambo dogo. Watafiti hawakuridhika na vitabu vya makao makuu. Walikwenda katika shule 250, katika wilaya 18, wakatazama hesabu za shule zenyewe, wakaandika zilichopokea tangu mwaka 1991 hadi 1995. Kisha wakazilinganisha karatasi hizo na za wilaya na za Serikali Kuu.

Kulikuwa na ruzuku iliyopangwa kwa kila mwanafunzi. Haikuwa mshahara wa mwalimu; ilikuwa ya vitabu, chaki na matumizi mengine ya shule. Ritva Reinikka na Jakob Svensson, walioandika habari za uchunguzi huo, wanasema kwamba katika kila shilingi 100 za ruzuku hiyo zilizotolewa na Serikali Kuu, shule zilipokea kwa wastani shilingi 13. Shule nyingi hazikupokea hata senti. Tena ilionekana kwamba watoto walikuwa wameongezeka kweli, ila habari zao hazikuwa katika takwimu za wizara. Kwa hiyo daftari la makao makuu lilikosea pande zote mbili: liliandika fedha ambazo hazikufika, na halikuandika watoto waliofika.

Twaomba mlitazame jambo hili polepole. Fedha hizo hazikupotea zilikotoka. Huko hati zilikuwa safi. Wala hazikupotea shuleni, maana mtu hawezi kula kisichomfikia. Zilikwama katikati, wilayani, kwa watu waliozipokea kwa haki na kuzielekeza kwingine. Jambo hilo liliwezekana kwa sababu walimu na wazazi wengi hawakujua kiasi wanachodai, na wengine hawakujua hata kwamba wanadai. Wakati huo huo wazazi ndio waliobeba zaidi ya nusu ya gharama za shule kwa michango yao. Basi mtu auza kuku wake alipe mchango wa chaki, na fedha za chaki iyo hiyo zimekwisha kutolewa kwa jina la mwanawe! Na shule za wazazi wenye uwezo zilipata sehemu kubwa kuliko shule za maskini, kwa kuwa wenye uwezo waliweza kudai wakasikilizwa.

Serikali ya Uganda, na hili ni la kuisifu, haikuificha habari hiyo. Ilianza kutangaza katika magazeti kiasi cha fedha zilizopelekwa katika kila wilaya, mwezi kwa mwezi, kisha ikaagiza shule zibandike tangazo la fedha zilizopokewa mahali ambapo mzazi yeyote aweza kusoma. Watafiti waliporudi, wakaona kwamba kufikia mwaka 2001 shule zilikuwa zikipokea zaidi ya shilingi 80 katika kila 100. Tena shule zilizokuwa karibu na mahali pa kuuzia magazeti ziliendelea vizuri kuliko zile za mbali. Wachunguzi wengine waliokuja baadaye wametahadharisha, na sisi twaona tahadhari yao ni ya haki, kwamba magazeti hayastahili sifa yote peke yake. Katika miaka hiyo hiyo, tangu 1997, elimu ya msingi ilifanywa bila malipo, na njia za kupeleka fedha zilibadilishwa pia. Dawa zilikuwa nyingi katika kikombe kimoja. Lakini hata tukiyapunguzia magazeti sehemu ya sifa, labaki jambo lisilokanika, kwamba anayedai asipoambiwa kiasi chake hawezi kudai.

Wengi wenu mliokuwa katika kamati za shule hapa Kenya mwaka 2003 mtakumbuka kwamba Serikali ilipoanza elimu ya msingi bila malipo, ilipanga shilingi 1,020 kwa kila mtoto kwa mwaka, na fedha hizo zikaletwa moja kwa moja katika akaunti mbili za shule katika benki, moja ya vitabu na vifaa vya kufundishia, nyingine ya matumizi mengine. Mzazi yeyote aliweza kuzidisha 1,020 kwa idadi ya watoto akajua shule yake yadai nini. Hatusemi kwamba hapakutokea matatizo. Wote twajua yalitokea. Twasema tu kwamba mpango ambao mzazi aweza kuukagua kwa kuzidisha mara moja ni mpango uliotungwa na mtu mwenye akili.

Sasa, kabla ya mtu kusimama na kusema kwamba basi tubandike karatasi mlangoni mambo yaishe, twaomba msikilize habari ya pili, ambayo yakaribia kuipinga ile ya kwanza. Yatoka mbali, kisiwa cha Java katika nchi ya Indonesia, lakini shauri lake ni la vijijini kama letu.

Katika miaka ya 2003 na 2004 vijiji vya huko vilipewa fedha za kujenga barabara ndogo. Mtafiti mmoja, Benjamin Olken, alichukua vijiji 608 akavigawanya kwa kura. Baadhi viliambiwa mapema, kabla kazi haijaanza, kwamba wakaguzi wa Serikali watafika bila shaka, na kwamba matokeo yatasomwa mbele ya mkutano wa kijiji. Vingine viliachwa katika hali ya kawaida, ambapo kijiji kilikaguliwa kwa bahati, vinne katika kila 100. Katika vijiji vingine tena watu wa kawaida walipelekewa mamia ya barua za kuwaalika katika mikutano ya hesabu, na kwingine wakapewa pia karatasi za kuandika maoni yao bila kutaja jina. Barabara zilipokwisha, Olken alipeleka mainjinia wakazichimba mashimo, wakapima mawe na mchanga uliomo, wakauliza bei madukani, wakalinganisha na kilichoandikwa katika hesabu. Tumelipenda sana jambo hili. Daftari laweza kusema malori 20 ya mawe, lakini barabara yenyewe haijui kusema uongo.

Ikaonekana kwamba pale ambapo ukaguzi ulikuwa hakika, upotevu ulipungua kwa pointi 8 katika kila 100. Lakini mialiko ile, ijapokuwa iliwaleta watu wengi zaidi mkutanoni, haikupunguza upotevu kwa kiasi cha kuonekana. Ndugu wanachama, ni jambo la kushangaza kidogo kwetu sisi tunaopenda mikutano. Watu walikuja, wakakaa, wakasikiliza, wakauliza, na mawe yakaendelea kupungua barabarani.

Kwa nini Uganda jicho la wananchi lilisaidia, na Java halikusaidia sana? Olken mwenyewe ametoa dokezo, nasi twaona ni la kweli. Barabara ni ya wote, na cha wote mtu mmoja mmoja huona uvivu kukipigania. Tena mkulima hawezi kujua kwa macho kama chini ya kifusi kuna mawe ya inchi nane au ya inchi sita. Mkaguzi mwenye kipimo ndiye ajuaye. Fedha za mtoto wangu shuleni ni jambo jingine. Hizo najua ni zangu, na nikijua kiasi chake naweza kuhesabu bila injinia. Basi jicho la juu lafaa kwa mambo ya ufundi, na jicho la mwenye haki lafaa kwa haki yake mwenyewe. Anayetumia moja tu kwa mambo yote atakosa nusu ya kazi.

Yako mambo mengine mawili katika habari za Java ambayo hatutaki yapite hivi hivi. Zile karatasi za maoni zilisaidia pale tu zilipogawanywa kwa njia ya shule. Zilipopitia mikononi mwa wakuu wa vitongoji, hazikuleta faida. Kila mwenye akili aelewa sababu, na hatuna haja ya kuieleza. La pili ni kwamba pale ambapo ukaguzi ulikaza, wakubwa wa kazi walizidisha kuwaajiri jamaa zao. Hawakuweza tena kuchukua mawe, basi wakatoa vibarua kwa shemeji na wapwa. Yaani ukiziba mwanya mmoja, yakupasa kutazama upesi ni upi mwingine utakaofunguka.

Habari ya tatu ni ya nyumbani. Mwaka 1966 ulifanywa mkutano mkubwa Kericho juu ya elimu, kazi na maendeleo ya mashambani, na katika mawazo yaliyotokana nao Serikali ya Kenya ikaanzisha mpango wa majaribio katika sehemu sita: Kapenguria, Kwale, Mbere, Migori, Tetu na Vihiga. Nia ilikuwa kujaribu njia mpya za maendeleo katika mahali padogo kabla ya kuzipeleka nchi nzima. Mengi yaliandikwa juu ya mpango huo, na mengine ni ya kukatisha tamaa, na mpango wenyewe haukudumu kupita miaka ya 1970. Lakini Mbere kulifanywa jambo moja ambalo sisi makarani twapaswa kulijua.

Watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Nairobi, Robert Chambers na Deryke Belshaw, waliona kwamba maofisa wa wilaya walikuwa wakiandika taarifa nyingi mno. Afisa wa kilimo aliandika, afisa wa mifugo aliandika, wa maji aliandika, kila mmoja kwa mkubwa wake, na nyingi ya taarifa hizo hazikusomwa na mtu wala hazikubadilisha kitu. Wakaja na utaratibu mwepesi. Mwanzoni mwa mwaka maofisa wote wanaohusika na kazi fulani waliketi pamoja, na kila mmoja akasema mbele ya wenzake atafanya nini, kwa tarehe gani, na amhitaji nani. Hayo yakaandikwa katika karatasi moja. Kila mwezi wakakutana tena na karatasi hiyo hiyo mezani. Kazi iliyokwisha ikapita bila hotuba. Iliyochelewa ikaulizwa sababu, na taarifa fupi ikaandikwa kutaja jambo lililokwama na ni nani wa kulikwamua. Taarifa hiyo ilipelekwa kwa wahusika wote wakati mmoja, wa chini na wa juu, ili pasiwe na mtu wa kusema hakuiona.

Angalieni kilicho ndani ya utaratibu huo. Hapakuwa na askari wala faini. Mtu aliitaja tarehe kwa kinywa chake mwenyewe, mbele ya wenzake atakaokutana nao mwezi ujao. Chambers aliyaeleza hayo katika kitabu chake cha mwaka 1974 juu ya usimamizi wa maendeleo ya mashambani katika Afrika ya Mashariki, na twaona bado yafaa kusomwa na kila mtu aliye na kabati la faili. Sisi makarani ndio tungepaswa kuyapinga, kwa kuwa taarifa ndiyo riziki yetu. Lakini ukweli ni kwamba taarifa isiyosomwa ni karatasi iliyochafuliwa.

Juu ya mambo ya Serikali hatutasema mengi zaidi. Katiba yetu ya mwaka 2010 imeweka afisi mbili mbalimbali: Msimamizi wa Bajeti, ambaye kibali chake chahitajiwa kabla fedha hazijatoka katika mifuko ya umma, na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, ambaye hukagua zikiisha kutumika, na ambaye yampasa kutoa ripoti yake katika miezi sita baada ya mwaka wa fedha kwisha. Mmoja yuko mlangoni wakati wa kutoka, mwingine aja nyuma kutazama nyayo. Wenye kuitunga Katiba hawakutaka mtu mmoja afanye kazi zote mbili, nasi tumeichukua hekima hiyo katika mapendekezo yetu.

Sasa tuje chamani.

Chama hiki kina mambo matatu yanayotumia fedha: msaada wa mazishi, karo za watoto wa wanachama waliofariki, na tangu mwaka jana, jengo. Mambo haya si ya namna moja, na kosa kubwa lingekuwa kuyaangalia kwa njia moja.

Msaada wa mazishi ni kama ruzuku ya Uganda. Kila mwanachama anao haki nayo, na kiasi chake kimeandikwa katika sheria za chama. Lakini sheria hizo ziko katika faili afisini. Mama aliyefiwa hawezi kuja kufungua faili siku ya msiba wake. Akipewa atapokea na kushukuru, na hatajua kama alichopokea ni kamili au pungufu, wala kama siku alizongoja zilikuwa za halali. Twapendekeza kwamba kiasi cha msaada, na idadi ya siku ambazo lazima kilipwe, na vyeo vya watu wawili wanaotia sahihi, vibandikwe mlangoni mwa jumba hili na kupelekwa katika simu ya kila mwanachama, na kila mwisho wa mwezi ibandikwe karatasi ya jumla ya kilichoingia na kilichotoka. Majina ya wafiwa yasibandikwe, maana msiba wa mtu si tangazo. Karo zifuate njia iyo hiyo, na kiasi kilicholipwa ajulishwe mlezi wa mtoto siku ile ile chama kinapoilipa shule. Hapo hapahitaji mkaguzi wa gharama. Mwenye haki mwenyewe ndiye mkaguzi, akiisha kuambiwa.

Jengo ni kama barabara ya Java. Hapa twaomba wazee watusikilize kwa subira, maana ndipo maneno yalipokuwa makali. Mzee mmoja, ambaye twamheshimu kama baba, alituuliza: "Wanangu, mimi nimetunza sanduku la chama hiki tangu ninyi hamjavaa suruali ndefu. Leo mwaniletea mkaguzi?" Swali lake ni la haki, na halikutoka katika kiburi. Limetoka katika desturi yetu, kwamba mzee akisema nimepokea, neno lake ni risiti.

Twamjibu hivi kwa heshima. Baba, jengo halikai katika sanduku. Fedha zikiisha kutoka mikononi mwako zakuwa saruji, nondo, kokoto na mbao, na vitu hivyo vyapita kwa mwenye duka, dereva wa lori, fundi mkuu na vibarua wake. Neno lako ni la kuaminika juu ya ulichokitoa. Juu ya kilichozikwa katika msingi, wewe wala sisi hatuna la kusema, kwa kuwa hatukukiona na hata tungekiona tusingekijua. Nguzo ikipasuka baada ya miaka mitano, watu hawatamtaja dereva wa lori. Watalitaja jina lako. Mweka hazina mwaminifu ndiye mwenye haja ya mkaguzi kuliko mtu yeyote, kwa sababu yeye ndiye ambaye minong'ono itamwangukia.

Na katika Java, wajenzi wa barabara hawakuvamiwa usiku. Waliambiwa mapema, kazi haijaanza. Onyo lenyewe ndilo lililofanya sehemu kubwa ya kazi. Kwa hiyo twapendekeza iandikwe ndani ya mkataba wa ujenzi, tangu siku ya kwanza, kwamba chama kitamleta mtaalamu wa kupima majengo asiye mwanachama na asiye na udugu na fundi wala na mtu yeyote wa Halmashauri, na kwamba atakuja mara tatu: msingi ukiisha kumwagwa, kuta zikifika linta, na paa likiisha kupigwa. Kila mara kauli yake isomwe mbele ya mkutano kabla malipo ya hatua hiyo hayajatolewa. Na kwa sababu ya lile tulilojifunza juu ya shemeji na wapwa, orodha ya vibarua isomwe pia. Si kosa kumwajiri jamaa anayejua kazi, ila itajwe kwamba ni jamaa.

Mwanachama mmoja ameuliza gharama. Ni kweli mtaalamu hatakuja bure, na fedha zake zitatoka katika mfuko uo huo wa jengo. Olken alipiga hesabu akaona kwamba kule Java faida ya ukaguzi ilizidi gharama yake, lakini Java si hapa, na hatutaki kuwatia tamaa kwa hesabu ya watu wengine. Ndiyo sababu tumesema mara tatu, wala hatukusema kila wiki. Kama mkutano utaona hata tatu ni nyingi, basi twasihi ile ya msingi isiachwe, maana kuta na paa zaonekana na macho ya watu wote, na msingi hauonekani tena milele.

Juu ya taarifa: hivi sasa afisi huandika taarifa ya kila mwezi kwa Halmashauri, nyingine kwa wadhamini, nyingine kwa kila tawi. Twapendekeza zote ziondolewe, na mahali pake pawe na karatasi moja kwa mfano wa Mbere, yenye kazi iliyoahidiwa, jina la aliyeahidi, tarehe aliyoitaja mwenyewe, na neno moja, imekwisha au haijakwisha. Karatasi hiyo ifike kwa wote siku moja. Wajumbe wawili wamelalamika kwamba majina yao yataonekana. Ndivyo ilivyokusudiwa.

Lakini jambo moja Halmashauri haikuweza kulimaliza, nasi twalileta mbele yenu kama lilivyo. Limetolewa shauri la kuweka sanduku la maoni, ili mwanachama aliye na lalamiko asiyetaka kusimama mbele ya watu aandike na kutia humo. Sote tulikubali sanduku. Tulishindana juu ya ufunguo. Wengine walitaka ukae afisini kwetu, kwa kuwa ndipo pana kabati la chuma. Sisi wenyewe tumeukataa, kwa sababu malalamiko mengine yatakuwa juu ya afisi, na karatasi za Java zilizopitia kwa wakuu wa vitongoji zimekwisha kutufunza yatosha. Umoja wa akina mama umejitolea kuushika na kulifungua sanduku mbele ya watu watatu kila mwezi. Wazee wa tawi la mjini nao wameutaka. Majina yamo katika karatasi mlizogawiwa mlangoni, na kwa idhini yako, Bwana Mwenyekiti, twaomba kura ya ufunguo ipigwe kwanza, kabla ya mapendekezo mengine, maana sanduku limekwisha kutengenezwa na liko hapa mezani, bado halijafungwa.